Kwa nini kadi inakurudisha mwanzo

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye ule mchezo wa ubao wa kutangaza vitabu vya sheria vya Marekani, ukiokota kadi ya "kesi yako imetenguliwa" unarudi mwanzo, hata kama ulibakiza hatua moja. Kwangu hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote mle.

Wakili anaweza kupata kesi ya zamani inayounga mkono hoja yake kabisa, kumbe nguvu yake ilishakwisha kwa sababu hukumu ya baadaye iliikataa. Kesi ya Plessy ya 1896, ya Mahakama Kuu ya Marekani, ilihalalisha kutenganisha watu kwa rangi. Mwaka 1954 kesi ya Brown, ya mahakama hiyo hiyo, ikaikataa kanuni hiyo katika shule za umma. Ukiikuta Plessy kwenye kitabu kilichochapwa kabla ya hapo, ukurasa wenyewe haukuambii kitu.

Ndiyo maana mwaka 1873 Frank Shepard wa Illinois alianza kuuza vikaratasi vyenye gundi. Wakili alikibandika kikaratasi pembeni mwa kesi kitabuni, akaona hapo hapo hukumu za baadaye zilizoitaja. Jina la Shepard likageuka kitenzi midomoni mwa mawakili wa kule! Siku hizi kompyuta inaweka alama nyekundu kwenye kesi iliyokwisha nguvu.

Mchezo huo ni tangazo, sawa: mwanafunzi anazoeshwa bidhaa mapema ili akiajiriwa ofisi iilipie. Lakini usiufungie kabatini. Cheza na wanafunzi wako, ila ongeza sharti moja: anayeokota kadi hiyo aisome kwanza hukumu iliyotengua, aseme ni hoja ipi imeanguka. Mara nyingi si kesi nzima.