Dashibodi imefifia? Weka balbu chini kwanza, shika multimita

Maswali ya magari ya spoti ya zamani safari hii karibu yote ni kilio kimoja, usiku mita hazisomeki. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Swali: Nina Mazda MX-5 ya 1991, nimebadilisha balbu zote za dashibodi lakini mwanga ni uleule hafifu. Tatizo nini?

Mkuu, hizo balbu ulizotoa zilikuwa zimeungua? Kama zilikuwa zinawaka basi hazikuwa na kosa, kosa liko kwenye umeme unaozifikia. Hizi balbu za waya mwanga wake unashuka haraka kuliko volti, ukipoteza asilimia 10 ya volti mwanga unaondoka karibu asilimia 30, ndo maana kaupungufu kadogo tu kwenye waya unakaona machoni. Washa taa ndogo, chukua multimita (kile kifaa cha kupimia umeme), pima kwenye soketi ya balbu moja nyuma ya mita halafu pima kwenye betri. Betri ikisoma 12.5 na soketi 10.5, volti 2 zimeliwa njiani na hizo ndo za kutafuta.

Anza na dima, ile swichi ya kuongeza na kupunguza mwanga wa mita. Na usicheke, wapo waliong'oa dashibodi nzima kumbe mwenye gari wa zamani aliishusha tu na hawajawahi kuigusa. Kwenye magari mengi ya umri huo ndani yake kuna waya uliosokotwa na kaulimi ka chuma kanatembea juu yake, ikikaa miaka mahali pamoja panaota kutu. Izungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, ukiona mwanga unarukaruka umeshampata mchawi, puliza dawa ya kusafishia kontakti na uendelee kuzungusha.

Dima ikiwa poa nenda kwenye ethi, ile njia ya kurudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri. Taa zikiwa zinawaka, weka waya mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya dashibodi, ikisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, fungua bolti inayoibana ethi kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, rudisha, kaza. Dalili nyingine ya ethi mbovu ni pale unapowasha indiketa na sindano ya mafuta nayo inacheza.

Swali: Volti ziko sawa kila mahali, bado giza.

Basi fungua boksi la mita uangalie ndani. Balbu nyingi hazimuliki uso wa mita moja kwa moja, mwanga unagonga kuta nyeupe za ndani kwanza ndo unasambaa, na hizo kuta zikiungua na joto zinageuka njano au kahawia, rangi inabanduka vipandevipande. Safisha, paka nyeupe isiyong'aa inayovumilia joto. Wengine wanabandika karatasi ya aluminiamu, mi siipendi kabisa, ikibanduka ikalalia ile saketi ya plastiki ya nyuma umetengeneza shoti.

Swali: Kwa nini nisiweke tu balbu kubwa zaidi, ya wati 5 mahali pa wati 3?

Joto, kaka. Utapata mwanga mwezi mmoja miwili halafu soketi inalainika na zile kuta tulizotoka kuziongelea zinaungua upya.

Swali: Na LED je? Rafiki yangu aliweka, sasa dima haifanyi kazi na betri haichaji.

LED ni nzuri ila zina masharti. Zina chanya na hasi, isipowaka igeuze kabla hujaitupa. Chukua zinazotoa mwanga pembeni, zile zenye taa moja mbele zinakupa doa kali katikati na giza kando. Kama mita zako zina kichujio cha kijani weka LED ya kijani, cha rangi ya chungwa weka ya chungwa. Dima ya zamani inategemea balbu zivute umeme wa kutosha, LED zinavuta kidogo mno kwa hiyo utazungusha weee mwanga uko palepale.

Hilo la betri ndo kubwa. Kwenye magari mengi ya zamani ile taa nyekundu ya alama ya betri sio ya kukuonya tu, umeme unaopita kwenye balbu yake ndo unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Akiweka LED pale umeme unaopita hautoshi, alteneta inaendelea kulala. Mwambie arudishe balbu ya kawaida kwenye hiyo taa moja, kisha apime betri injini ikiwa inawaka, inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi.

Swali: Corvette C4 ya 1986, ile ya namba za kidijitali. Imefifia, je ninunue dashibodi nyingine?

Polepole. Za 1984 hadi 1989 zina kioo cha LCD ambacho chenyewe hakiwaki, kinamulikwa na balbu kwa nyuma, kwa hiyo upande mmoja ukiwa giza na mwingine una mwanga hapo shuku balbu na soketi. Ikiwa yote imefifia sawasawa rudi kwenye volti kama nilivyosema juu. Ukiona madoa ya kahawia yaliyoungua, hiyo ni ile filamu ya polaraiza (karatasi nyembamba inayochuja mwanga ili namba zionekane) imekaangwa na joto la balbu, na inabadilishwa, kazi yake ni ya subira tu kutoa gundi ya zamani bila kuvunja kioo, na kabla hujabandika izungushe kidogokidogo namba zikiwa zinawaka, ukiikosea pembe zinapotea au zinageuka rangi. Halafu swali la bure: unaendesha na miwani ya jua ya polaraiza? Ivue uangalie tena.

Wenye zile namba za kijani-bluu zinazojiwakia bila balbu, hiyo ni teknolojia nyingine. Zenyewe hujipunguza mwanga ukiwasha taa, sasa kama mchana zimefifia angalia kwanza waya unaoleta taarifa ya taa usiwe umeshikana na umeme. La sivyo ni kapasita zilizokauka au solda zilizopasuka kwenye bodi.

Swali: Naogopa kufungua mwenyewe, niwe makini na nini?

Toa hasi ya betri, na kama kuna eabegi subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa eneo la usukani. Usivute mita kwa nguvu, nyuma huenda kuna kebo ya spidomita, ichomoe kwanza. Sindano usizing'oe kama hakuna lazima, na ukilazimika piga picha kila moja ilipokaa. Kioo cha plastiki kisugue kwa dawa ya kung'arishia plastiki, sio ile ya madirisha yenye amonia.