SAT: Nilivyotoka 1040 hadi 1310

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayejiandaa na SAT, mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, aliniandikia: "Dada, nimeshafanya maswali zaidi ya elfu ya SAT na alama hazipandi. Nifanyeje?" Ujumbe ule nilishinda nao siku nzima, maana nilijiona mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipata 1040 kati ya 1600. Hesabu peke yake 480. Mwalimu mmoja akaniambia mbele ya wenzangu, "Wewe hesabu si zako." Kauli ile inaniuma hadi leo. Kwa hasira nikaanza kufanya maswali hamsini kila usiku: natazama majibu, naweka vema, nalala. Baada ya miezi miwili jaribio la mazoezi likanipa 1050.

Ndipo nikachukua daftari tupu, nikaandika kila swali nililokosa na kando yake sababu yenyewe. "Sikuwa makini" nilijikataza kuiandika, kwa kuwa haikufundishi kitu. Swali moja lilikuwa hivi: ikiwa 3x + 5 = 20, tafuta 6x + 1. Nilipata x = 5, nikaiona 5 kwenye machaguo, nikaibonyeza. Jibu ni 31. Hesabu niliijua, swali ndilo sikulimaliza kulisoma! Kosa hilohilo lilijaa kurasa sita za mwanzo. Tangu siku ile, kabla sijagusa hesabu, naandika kwanza kwenye karatasi ya rafu kile kinachotafutwa.

Kwenye Kiingereza daftari lilinifunua zaidi. Nilikuwa naunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu, jambo ambalo kwa Kiswahili hupita bila kukemewa. SAT hailikubali: weka nukta, nukta mkato, au kiunganishi baada ya mkato. Upatanisho wa kitenzi nao ulinitesa, mpaka nilipokumbuka kwamba hakuna anayesema "orodha ya vitabu vimepotea". Ni orodha iliyopotea. Sikio lako la Kiswahili linajua tayari kumtafuta mtenda halisi, basi litumie.

Ndugu zangu, acheni kujidanganya na wingi wa maswali. Swali ulilolikosa bila kujua kwa nini, utalikosa tena. Kaa nalo. Kila somo lina sehemu mbili, na ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo pupa ya mwanzoni inakugharimu. Usiache swali wazi, jibu baya halikatwi alama. Majaribio ya bure yamo ndani ya Bluebook, programu ileile ya mtihani. Yafanye kwa muda kamili, saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko. Kikokotoo cha Desmos kimo humo pia, kizoee mapema. Na baada ya kila jaribio rudi kwenye daftari. Narudia: rudi kwenye daftari, hata ukiwa umechoka.

Mara ya pili nilipata 1310. Hesabu 670, zile ambazo "si zangu".

Mdogo wangu uliyeniandikia, leo usifanye swali jipya hata moja. Fungua jaribio lako la mwisho, anza na kosa la kwanza, andika sababu. Ukijaza ukurasa mmoja, upige picha unitumie tuusome pamoja.