Kujiandaa kuolewa: jifunze kusema "nitakwenda", jifunze na "siendi"

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema una miaka 23, umeokoka, unaimba kwaya, na kila semina ya mabinti unayokwenda unafundishwa mambo matatu: kupika, kutii na kuvumilia. Unataka kujua kama maandalizi ya kuwa mwanamke na mke yanaishia hapo. Mimi ni mama mlezi wa mabinti katika usharika wetu wa Kilutheri huku Njombe. Nimekaa nao tangu kipaimara mpaka siku ya kuvaa shela, na wengine nimekaa nao tena ndoa ikiwa imeshawatoa machozi. Hayaishii hapo, na ushahidi wangu uko kwenye Biblia hiyohiyo mnayofundishiwa.

Soma Mwanzo 24 taratibu. Mtumishi wa Ibrahimu kafika, zawadi zimetoka, Labani na Bethueli wameshakiri kwamba neno hili limetoka kwa Bwana. Kwa desturi za kwetu hapo kazi imekwisha, imebaki kupanga tarehe. Lakini kesho yake wanasema tumwite msichana, tumwulize mwenyewe. Rebeka anaulizwa mbele za watu kama atakwenda na mtu huyu, naye anajibu: nitakwenda. Kaka yake na mama yake walitaka akae kwanza kama siku kumi, mgeni alikuwa na haraka ya kuondoka, na bado wote walisubiri kauli ya binti.

Mabinti wengi ninaowapokea hawajawahi kuulizwa hivyo nyumbani kwao. Aliamuliwa shule, akaamuliwa mchepuo, nguo za sikukuu akanunuliwa bila kuonyeshwa. Halafu tunategemea siku moja, wajomba na mashangazi wakiwa wamejaa sebuleni, ajibu swali zito kuliko yote kwa sauti yake mwenyewe. Atasema ndiyo, kwa sababu ndilo neno pekee analolijua. Kwa hiyo kwenye kikundi chetu ninaanza na kauli. Binti anajifunza kumwambia mama yake kwa heshima, "Mama, hili sikubaliani nalo, na sababu yangu ni hii." Anajifunza kumwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba zamu hii hawezi. Wapo wazazi walionifuata wakisema nawafundisha watoto kiburi. Niliwafungulia Mwanzo 24 tukasoma pamoja.

Sasa Mithali 31, maana hakuna kicheni pati inayopita bila kuisoma. Kungwi anasoma mke mwema, vigelegele vinapigwa, na mkazo unawekwa kwenye kuamka usiku kuandaa chakula. Rudi mstari wa kwanza. Yale ni mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Ni mama anamfundisha kijana wa kiume! Kijana ndiye anayeambiwa amtambue mwanamke wa namna ile na amthamini, kisha sisi tunayachukua maneno yote tunambebesha binti peke yake, kaka zake wakiwa nje wanapanga viti. Na huyo mwanamke anaangalia shamba na kulinunua, anatengeneza nguo na kuziuza, anafumbua kinywa chake kwa hekima. Mistari hiyo kwenye sherehe inapita haraka sana.

Kwa hiyo zungumzia fedha kabla ya pete. Uwe na akiba yako, hata ya hisa ndogo ya vikoba. Muulize mchumba ana madeni gani, anamsomesha nani kwao, na kiwanja mtakachonunua pamoja kitaandikwa majina ya nani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Nawasomea mabinti haya si kwa kuwaandaa kuachana. Anayejua thamani ya kazi yake huwa hajidharau ndani ya nyumba.

Kuhusu utii, ukisomewa Waefeso 5:22, omba msomaji arudi mstari mmoja nyuma. Wa 21 unawataka waamini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Kisha aendelee mpaka wa 25, mume anapotakiwa kumpenda mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Mimi naamini utii katika ndoa, na nyumbani kwangu naushika. Ila haufundishwi nusu.

Na kuvumilia. Vumilia umaskini, vumilia ugonjwa, vumilia mama mkwe mwenye maneno. Kipigo usivumilie. Binti mmoja wa kwetu alipigwa kofi na mchumba wake, mahari ikiwa imeshapokelewa na kadi za michango zimeshagawiwa. Ukoo ukamwambia atabadilika akishaoa. Alikuja kwangu usiku, tukaomba, tukalia, kesho yake tukaenda kwa mchungaji. Akasimama mbele ya baba zake wadogo akasema, "Siendi." Mahari ilirudishwa kwa aibu kubwa ya ukoo. Hajaolewa mpaka leo, anafundisha shule ya msingi, na ndiye ninayempa vipindi vya mabinti wadogo. Hiyo Sheria ya Ndoa niliyoitaja inasema, kifungu cha 66, kwamba hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumpiga mwenzake. Na 1 Wakorintho 7 inamtaja mwanamke asiyeolewa kuwa anajishughulisha na mambo ya Bwana. Maisha yake yamekamilika, wala haombi kuhurumiwa.

Usafi wa mwili nafundisha bila kuficha: tendo la ndoa lina mahali pake, ndani ya ndoa. Ila nawafundisha na vijana wa kiume, na aliyeanguka, au aliyefanyiwa kwa nguvu, sitamwita chombo kilichovunjika. Kapimeni VVU wote wawili. Pimeni na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana mkiwa wote mmebeba vinasaba vyake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa mgonjwa, na nchi yetu ni kati ya zenye watoto wengi wa namna hiyo duniani. Kupika jifunze, hasa kupikia msiba kwenye mafiga, kwa sababu huko ndiko utakakowajua wanawake wenzako wa kanisani.

Wala usidhani ukishavishwa pete mlango umefungwa. Sheria inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla, na kanisani matangazo yanasomwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme. Bibi harusi mwenyewe anaweza kuwa na pingamizi. Ukiliona jambo hata Jumapili ya tatu, nenda kwa mchungaji siku hiyohiyo, ukiwa na mama mmoja unayemwamini.

Kama barua ya posa imeshafika kwenu, niambie hapa chini: umemuuliza kuhusu madeni na vipimo, na alijibuje?