Kobe wa babu amegoma kula tangu ahamie kwako

Pole ila usipaniki ndugu, wiki bila kula kwa kobe mzee aliyehamishwa sio ajabu, anasoma mazingira kwanza. Wa kwangu alijibanza kwenye kona siku 9 kichwa ndani, ya kumi nikamkuta anatafuna ua la haibiskasi ka' hakuna kilichotokea.

Mogeshe maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yamfikie kidevuni tu, dakika 15 hadi 20, atakunywa humo humo na atakunya humo humo so mwaga haraka na unawe mikono na sabuni manake hawa wana salmonela. Halafu kama banda lake ni la wavu wa seng'enge, uzibe chini kwa mbao, akiona nje atatembea ukutani mchana kutwa akitafuta njia ya kurudi kwa babu.

Msosi ni nyasi na magugu, mpungate (kaktasi ile bapa) ukipata. Wali, mkate, chakula cha mbwa hapana jamani hata kama babu alikuwa anampa!! Kalisiamu nenda feri, soko la samaki, waombe wauzaji mfupa wa dome (yule jamii ya ngisi), bure kabisa, wengi wanautupa, uache pale atakwaruza mwenyewe. Kivuli lazima kiwepo.

Akitoa mapovu puani au macho yamevimba, hiyo sio ugeni tena, daktari wa mifugo leo leo. Na cheki kibali cha kumfuga pia, kobe kisheria ni mnyamapori.