Historia ya Mtu Mweusi kwa Michezo: Tunajibu Wazazi na Walimu wa Lamu na Malindi

Wanangu wana miaka 7 na 9. Nikiwatajia mwaka 1498 au 1963, kwao yote ni "zamani" tu. Nifanyeje? (Mama, Shela)

Tandaza kamba sakafuni, mama. Tafuta kamba ya mkonge ya mita 8, vibanio vya nguo, na kadi zilizokatwa kwenye boksi. Sentimita 1 ni mwaka 1, na kamba inaanzia mwaka 1300. Mtoto anachukua mwaka ulio kwenye kadi, anatoa 1300, anapima, anabana. Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyekwenda Hija 1324 anakaa kwenye sentimita 24. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Mombasa na Kilwa 1331, basi yuko kwenye 31. Twiga wa Malindi aliyefikishwa China 1415 yuko kwenye 115, kufika kwa Vasco da Gama pwani yetu kwenye 198, Mekatilili wa Menza akiwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu 1913 kwenye 613, na uhuru wa Kenya kwenye 663. Kadi zichanganywe kwanza, ili mtoto apatafute mahali mwenyewe.

Usitumie nailoni: ukiivuta hurefuka, na vipimo vyote vinahama. Lakini kosa kubwa zaidi ni kuacha patupu kati ya 198 na 600, kwani mtoto ataondoka akidhani Waafrika walikaa kimya miaka yote hiyo. Mbanie Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utotoni akaja kushika hatamu za dola ya Ahmadnagar kule India, akafariki 1626. Mbanie Malkia Njinga wa Ndongo, Angola, aliyefariki 1663, na uhuru wa Haiti wa 1804.

Nataka darasa liigize soko la watumwa ili watoto wauonje ule uchungu. Kuna ubaya? (Mwalimu wa gredi ya 5, Malindi)

Upo, mwalimu, na tunakusihi usifanye. Mtoto aliyesimamishwa auzwe mbele ya wenzake hafundishiki kitu. Anabaki na aibu, na wenzake wanabaki na jina la kumtania. Kwetu pwani ni zaidi ya hapo. Wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanakaa dawati moja, na nyumbani watoto wanasikia nani ni wa ukoo gani. Asiwepo mtoto wa kuwa bwana wala wa kuwa mtumwa.

Wape badala yake kijiji cha watoro. Katika karne ya 19, watu waliotoroka mashamba ya Malindi walijenga makao yao bara, Fuladoyo ikiwa mojawapo, katika nchi ya Wagiriama. Gawa watoto wanne wanne, kila kundi na kete 12 za bao. Wachore duara nne mchangani: maji, shamba, ulinzi, urafiki na majirani. Wajadiliane, wagawe kete, kisha wewe ufunue kadi. Ukame unakula kete 2 za maji na 2 za shamba. Wavamizi wanakula 3 za ulinzi, ila penye kete 3 za urafiki wanakula 1 tu. Watoro wapya wakiingia usiku, kundi liamue: wakipokelewa, kete 1 ya shamba inatoka na 2 za ulinzi zinaingia. Duara ikishindwa kulipa, kijiji kinahama na kuanza upya na kete 8.

Raundi ya kwanza makundi mengi hurundika kete kwenye ulinzi, na ukame unawamaliza. Usiwaokoe. Raundi ya pili utawasikia wakishauriana kweli. Hapo ndipo uwaeleze kwamba utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya 1907, na wapo waliokuwa wameshajikomboa kwa miguu yao wenyewe.

Na historia ya weusi wa Marekani, ina nafasi? (Baba, Mkomani)

Ina nafasi kubwa. Anzeni na mabasi ya mji wa Montgomery, ambayo weusi waliyasusia siku 381 kuanzia Desemba 1955, wakipinga kupangiwa viti kwa rangi. Panga viti 16, teua makanga, kila mtoto awe na vifuniko vya soda 10 vya kulipia nauli. Siku ya kwanza wote wanapanda. Kuanzia ya pili, 12 wanatembea, maana weusi walikuwa kama robo tatu ya abiria. Makanga ahesabu kopo lake kila siku kwa sauti: 16, 4, 4, 4. Usiwapange viti kwa rangi ya ngozi. Kuanguka kwa hesabu kunatosha kuwaonyesha nguvu ya waliotembea.

Tukienda magofu ya Gede, tucheze nini? (Ustadhi wa madrasa, Malindi)

Majina ya nyumba. Kuna nyumba iliyoitwa kwa mkasi uliopatikana ndani, nyingine kwa kisanduku cha pembe za ndovu, nyingine kwa ushanga wa Venice, nyingine kwa pesa za China. Kila watoto watatu wapewe jina moja, watafute nyumba yao, kisha waseme kitu hicho kilifikaje na mwenyeji alitoa nini kukipata. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali, na vyakula vibaki kwenye gari: kima wa pale hunyang'anya hadi mkononi.