Siwa ya Pate katika nyumba ya Lamu

Swali lenu la juma hili lilikuwa hili: makumbusho ya mkoani hujulikana kwa jengo lake, kwa maonyesho yanayokuja na kuondoka, au kwa vitu vyake vya kudumu? Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nakaa Mombasa, na jibu langu ni siwa, yaani baragumu kubwa la sherehe.

Hapa Mombasa jengo lina nguvu zake, sibishi. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na hata vyombo vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Santo António de Taná, iliyozama mbele yake mwaka 1697, vinasimulia habari za ngome hiyohiyo. Lamu mambo ni mengine. Nyumba ya makumbusho pale ukingoni mwa bahari inapendeza, lakini iliwahi kuwa makazi ya wakubwa wa serikali ya kikoloni. Toa siwa, toa viti vya enzi, utabakiwa na nyumba nzuri ya Mwingereza.

Siwa ni mbili. Ya shaba ni ya Lamu, ya pembe ya ndovu ni ya Pate, mji wa kisiwa jirani, na umri wake hukadiriwa kuwa ni karne ya 17 au inayokaribia hapo. Hiyo ya pembe imepita mita 2 kwa urefu. Anayeiona mara ya kwanza hutafuta nchani mahali pa kutia mdomo asipaone, kwa sababu tundu la kupulizia liko ubavuni.

Nilimpeleka bibi yangu kuiona. Aliinama karibu hata kioo kikapata ukungu wa pumzi zake, kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii mama alikuwa akisema haiji kwetu." Siwa ilipigwa kwenye harusi na tohara za waungwana. Sisi ni watu wa nyavu na madema. Leo mjukuu wa mvuvi analipa kiingilio anaitazama mpaka achoke, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na makumbusho yale.

Lakini kuna jambo ambalo sisi watu wa Lamu hulipita haraka. Masimulizi ya kale ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyetaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara ilhali siwa ya mji iko mikononi mwa mfalme. Hakwenda kubembeleza. Alimwita sharifu mmoja hodari wa kuchonga, Mwenye Bayayi, akamchongea siwa yake kwa pembe, kwa siri. Wanaosimulia wanasema ndiyo hii iliyomo kiooni. Basi kitu kinachotafutwa na kila mgeni anayeshuka gatini Lamu kimetokana na ukaidi wa mwanamke wa Pate, mji ambao Lamu iliushinda kwenye vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19.

Ndiyo maana nasema vitu vya kudumu huyapa makumbusho sura hata pale ambapo wenye mji hawakuikusudia. Jina mlangoni ni la Lamu. Ndani, siwa ya Pate imewekwa pamoja na ya Lamu, na kwa urefu inaishinda. Isingekuwapo, yangekuwa makumbusho ya mji mmoja unaojisifu. Kwa kuwa ipo, ni ya visiwa vyote, tupende tusipende.

Nina rafiki Mpate ambaye kila tukikutana Lamu huniuliza, "Amana yetu ingalipo?" Namwambia ipo, aingie aitazame, na tiketi ajilipie mwenyewe.

Msomaji wenu, Mombasa