Jibu: Conus au Gastridium?

Habari, ndugu. Umeuliza kama Conus geographus na Gastridium geographus, majina uliyoyakuta kwenye lebo za makombe mawili yanayofanana ya konokono wa baharini, ni spishi mbili. Ni moja. Mimi huangalia kwanza neno la pili la jina, kisha mtunzi (aliyeipa spishi jina) na mwaka: lebo moja ikisema Linnaeus, 1758 na nyingine ikaweka maneno hayohayo ndani ya mabano, mabano yanaonyesha kwamba spishi imehamishwa kutoka jenasi yake ya awali (kundi la spishi zinazohusiana, linalotajwa na neno la kwanza la jina). Mwaka 2009 watafiti wa konokono Tucker na Tenorio waliigawa Conus katika jenasi nyingi (nyingi mno, kwa maoni yangu), wakitegemea kombe na meno. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2014 ukazirudisha nyingi ndani ya Conus, Gastridium ikiwa jenasi ndogo tu, yaani kikundi ndani ya jenasi. Andika Conus geographus Linnaeus, 1758, na lebo ya zamani usiitupe.